Sura ya Tano: Mwalimu wa Kaloleni na Mpaka wa Mto

Ukishuka na Mto Tana kutoka mjini Garissa, utapita Nanighi kabla hujafika Bura, kisha Hola, kisha Garsen, ambako mto hujigawa katika matawi ya delta na kuelekea baharini. Nanighi leo ni jina la wadi katika eneobunge la Fafi, Kaunti ya Garissa. Lakini ukivuka ng'ambo na kuwauliza watu wa Kaunti ya Tana River, wengi watakwambia kwamba mpaka halisi wa kaunti hizi mbili hauko mtoni hata kidogo. Uko maili tatu mashariki ya mto, na ukanda wote huo ni wao. Viongozi wa Garissa nao wanashikilia kwamba maji yenyewe ndiyo mpaka. Mzozo huu unaitwa tu "maili tatu", na kila mtu wa huku anajua maana yake.

Mgeni anaweza kushangaa watu wagombanie maili tatu katika nchi kubwa na kavu namna hii. Basi aje wakati wa kiangazi. Mbali na mto hakuna kitu ila vichaka na vumbi. Karibu na mto ndiko Mpokomo anakolima mpunga, ndizi na mahindi kwa kufuata maji ya mafuriko yanapopungua, na ndiko miembe ya mababu ilikosimama. Huko huko ndiko Mworma, Mwardei na Msomali wanakoleta ng'ombe, mbuzi na ngamia wao kunywa, wakipita katika malka, yaani njia za mifugo zinazokata katikati ya mashamba hadi ukingoni. Malka ikifungwa, ng'ombe wanakufa. Ikipanuliwa ovyo, shamba linaliwa. Mwaka 2012, katika delta ya Tana, mgogoro wa malisho, maji na mashamba uliua zaidi ya watu 100 katika muda wa miezi michache. Swali la nani ana mamlaka juu ya ukingo wa mto huu, kwa hiyo, ni swali la uhai, na limekuwa hivyo tangu kabla ya Uhuru.

Mistari inayobishaniwa hadi leo ilichorwa kati ya mwaka 1962 na 1963, wakati Kenya ilipokuwa ikigawanywa katika majimbo. Mtu aliyeyapigania majimbo hayo kuliko mwingine yeyote alikuwa mwalimu wa shule kutoka nchi ya Wagiriama, Ronald Gideon Ngala. Jina lake liko kwenye barabara kubwa ya Nairobi, lakini wanaopanda matatu pale kila siku hawajui kwamba aliwahi kuongoza serikali ndani ya Bunge huku Jomo Kenyatta akikaa upande wa upinzani.

Ngala alizaliwa Kilifi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alisoma Kaloleni, Shimo la Tewa, kisha Alliance na Makerere, njia ya wasomi wachache wa kizazi chake. Akarudi Pwani kufundisha, na miongoni mwa kazi zake alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton, Mombasa. Ualimu haukumtoka. Hata alipokuwa mwanasiasa mkubwa alibaki mtu wa kuandaa somo lake kabla ya kusimama, kupanga hoja, na kumsubiri mwenzake amalize kusema. Kenya ya miaka ile ilikuwa na wasemaji wa mikutano ya hadhara wenye moto. Tom Mboya aliweza kuusimamisha umati wa Nairobi kwa sentensi moja, na Oginga Odinga kadhalika kule Nyanza. Nguvu ya Ngala ilikuwa mezani, kwenye kamati na katika ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria.

Aliingia katika Baraza hilo Machi 1957, katika uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika walichaguana wenyewe. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima: Mboya wa Nairobi, Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Bernard Mate, James Muimi, na Ngala wa Pwani. Sheria ya kupiga kura ilikuwa ya dharau. Mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu kulingana na elimu yake, mapato yake na utumishi wake, na wengi hawakuwa na hata moja. Wanane hao walikataa nyadhifa za uwaziri walizopewa na wakasimama pamoja kudai viti zaidi. Kwa muda mfupi sana katika historia ya nchi hii, viongozi wa Pwani, Bonde la Ufa, Nyanza na Nairobi walikuwa kundi moja.

Miaka miwili baadaye, damu ilimwagika kwenye ukingo wa mto ninaouzungumzia. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau walipigwa na walinzi hadi kufa walipokataa kulazimishwa kufanya kazi. Wakuu wa serikali walidai kwanza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu. Uchunguzi ulionyesha alama za vipigo, na mjadala ukafika hadi Bunge la Uingereza, ukawaaibisha hata wabunge wa chama tawala. Hola ni sehemu ya Tana, na Tana ni Pwani. Naamini hakuna tukio lililoharakisha mwisho wa utawala wa kikoloni Kenya kuliko hilo, na lilitokea katika nchi ambayo Nairobi iliiona kama jangwa la kutupia watu.

Januari 1960 wajumbe wa Kiafrika walikwenda London, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, na Ngala ndiye aliyeuongoza ujumbe wao, Mboya akiwa katibu. Hili husahauliwa. Ujumbe ulirudi na ahadi ya Waafrika kuwa wengi katika Baraza, na hapo umoja ukavunjika. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka huo, kikiongozwa na viongozi wengi wa Kikuyu na Kijaluo, Ngala alichaguliwa mweka hazina bila yeye kuwepo. Aliukataa wadhifa huo. Mwezi Juni, huko Ngong, vyama vya watu waliohofia kumezwa vikaungana kuwa KADU: chama cha Ngala cha Pwani, muungano wa Wakalenjin, Wamaasai, watu wa Muliro kutoka magharibi, na pia Chama cha Kitaifa cha Wasomali. Ngala akawa rais wa chama, Muliro makamu wake.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu historia ya shuleni inalipita jambo hili haraka na kuiita KADU chama cha ukabila. Hofu ya watu wale haikuwa ya kubuni. Mgiriama aliona ardhi ya pwani ikiwa mikononi mwa wenye hati ambao hawakuwahi kuilima. Mtaita, Mpokomo na Mworma waliona kwamba nafasi za kazi bandarini na ofisini zinakwenda kwa wengine. Waliogopa kwamba Mzungu akiondoka, maamuzi juu ya ardhi yao yatafanywa na serikali ya mbali isiyowajua, na kwamba kura za makabila makubwa zitawafunika siku zote. Ngala aliichukua hofu hiyo akaitafsiri katika lugha ya katiba. KADU ilimwita hata mshauri kutoka Uswisi, Edward Zellweger, ili kujifunza jinsi nchi ndogo ya lugha nyingi inavyogawana madaraka. Kwamba walowezi wa Kizungu nao waliipenda KADU ni kweli, na jambo hilo liliharibu jina lake. Lakini mtu wa Hola au Garsen hakuwa mlowezi.

Uchaguzi wa Februari 1961 uliipa KANU viti 19 na KADU 11. KANU ikasema haitaunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe. Gavana, Patrick Renison, hakukubali. Ngala akachukua nafasi hiyo. Kwa kuungwa mkono na wajumbe wa Kizungu, wa Kihindi na wale wa kuteuliwa, akaunda serikali mwezi Aprili na akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Mwalimu wa Kaloleni akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Bunge la Kenya kwa upande wa serikali. Wapinzani wake walimwita kibaraka. Yeye alijibu kwa vitendo: serikali hiyo ndiyo iliyokuwa madarakani Kenyatta alipoachiliwa Agosti 1961, na Kenyatta alipopata kiti mwanzoni mwa 1962, alikaa kama kiongozi wa upinzani, akimtazama Ngala ng'ambo ya pili ya ukumbi.

Kilele cha kazi ya Ngala kilikuwa Lancaster House ya pili, kuanzia Februari hadi Aprili 1962. Chama chake kilikuwa kidogo, na hesabu ya kura haikuwa upande wake. Hata hivyo, alirudi na karibu kila alichokitaka: majimbo yenye mabaraza yake ya kutunga sheria, Seneti ya kulinda wilaya, na masharti magumu ya kubadilisha katiba. KANU ilikubali kwa sababu ilitaka Uhuru upesi na iliamini kwamba yaliyoandikwa London yataweza kufutwa Nairobi. Serikali ya mseto ikaundwa, Ngala na Kenyatta wote wawili wakawa mawaziri wa mambo ya katiba. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchora mipaka.

Tume ya Mipaka ya Majimbo, chini ya Stafford Foster-Sutton, ilipita nchini mwaka 1962 ikiwauliza watu wangependa kuwa na nani. Wakati huohuo tume nyingine, ya watu wawili, mmoja Mnigeria na mwingine Mkanada, ilikuwa ikiwauliza watu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kama wanataka kubaki Kenya au kuungana na Somalia. Wasomali wengi walitaka kuondoka. Makabila ya mtoni yalitaka kubaki Kenya. Mto Tana ukageuka kuwa mstari wa kutenganisha matakwa mawili ya kisiasa, ingawa watu wenyewe walikuwa wakiuvuka kila siku kununua maziwa na nafaka. Machi 1963 Uingereza ikatangaza jimbo la saba, Kaskazini Mashariki, ili kuwatuliza Wasomali. Tana River ikabaki Jimbo la Pwani. Hapo ndipo Nanighi na jirani zake wa ng'ambo walipojikuta katika majimbo mawili tofauti.

Namheshimu Ngala, lakini lazima niseme kwamba siasa yake ilikuwa na kasoro pale mtoni. Majimbo yalijengwa juu ya fikra kwamba kila kundi lina eneo lake, na mpaka ukiwekwa vizuri kila mtu atatulia nyumbani kwake. Kando ya Tana hakuna eneo la mtu mmoja. Mkulima anahitaji ukingo, mfugaji anahitaji maji, na mwaka wa ukame wote wawili wanahitaji mahali pamoja. Mstari wa maili tatu au wa katikati ya maji hauwezi kumaliza jambo hilo. Kinachoweza ni baraza ambamo pande zote mbili zinakaa na kukubaliana juu ya malka, na Ngala, aliyeyajua mabaraza kuliko wenzake wote, alikuwa mtu wa kufaa kulijenga. Hakupata muda.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda nchi, na KADU ikabaki na ngome zake, Pwani ikiwemo. Kaskazini Mashariki ilisusia kura na viti vyake vikabaki vitupu. Tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na Ngala akawa Kiongozi wa Upinzani. Majimbo yalikuwepo kisheria, yakiwa na marais wake, kama Moi kule Bonde la Ufa. Lakini yalikuwa na maisha ya shida. Serikali kuu ilichelewesha kukabidhi madaraka na fedha. Watumishi wakuu wa majimbo waliendelea kupokea maagizo kutoka Nairobi. Baraza linaloweza kupitisha sheria lakini haliwezi kulipa mishahara ya walimu ni baraza la jina tu. Mwezi Oktoba viongozi wa KADU walitishia kujitenga ikiwa katiba ingeguswa. Tishio hilo halikuwasaidia. Liliwafanya waonekane wavunja nchi, wakati kaskazini tayari kulikuwa na watu waliotaka kuivunja kwa bunduki.

Hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki Desemba 1963, siku chache baada ya Uhuru, na vita vya shifta, yaani wapiganaji waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi 1967. Watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi, mifugo ikapotea, na mto ukawa mstari wa jeshi. Mazungumzo yoyote ya utulivu juu ya nani anywe wapi yalikwisha hapo.

Silaha ya mwisho ya Ngala ilikuwa Seneti, ambako KADU ilikuwa na viti vya kutosha kuzuia mabadiliko makubwa ya katiba. Kenyatta akaamua kwamba kama Seneti haitakubali, atawaendea wananchi kwa kura ya maoni. Huku nyuma, wabunge wa KADU walikuwa wakihama mmoja mmoja, kwa ahadi au kwa uchovu. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba chama chake kinavunjwa, na yeye na wenzake wanajiunga na serikali. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya umoja wa taifa. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri. Madaraka ya majimbo yakapunguzwa hatua kwa hatua, majimbo yakageuzwa mikoa chini ya wakuu wa mikoa walioteuliwa na Nairobi, na mwishoni mwa 1966 Seneti yenyewe ikafutwa.

Je, alisaliti? Wazee wengi wa Pwani wamelijadili swali hili kwa miaka, na majibu yao yanagongana. Maoni yangu ni kwamba Novemba 1964 hakuwa tena na kura za kushinda, na kura ya maoni ingeweza kuzua fujo ambayo watu wadogo wangeilipia. Kukubali kushindwa kulikuwa uamuzi wa busara. Nisichoweza kumtetea ni namna alivyokubali. Miaka miwili kabla, akiwa na chama kidogo, alipata katiba nzima London. Safari hii alivuka ukumbi bila kuitisha chochote kwa maandishi kwa ajili ya Pwani: hata sheria ya ardhi, hata mgao wa fedha, hata tume ya Tana. Moi alipewa uwaziri mara moja, Desemba 1964, akawa makamu wa rais mwaka 1967 na rais mwaka 1978. Ngala alisubiri hadi 1966 ndipo akapewa Wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii.

Miaka iliyobaki aliitumia ndani ya KANU. Katika mkutano wa Limuru wa Machi 1966, chama kilipoweka makamu wa rais wa chama kwa kila mkoa, yeye alipata Pwani. Halafu nguvu zake nyingi ziliishia katika ugomvi wa ndani na kundi la Msanifu Kombo wa Mombasa. Inasikitisha kusoma habari za kipindi hicho: mtu aliyeongoza ujumbe wa taifa zima sasa anashindania ofisi za tawi. Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, na alifariki siku ya Krismasi. Pwani haijapata tangu hapo kiongozi wa Bunge mwenye uzito ule.

Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilipata katiba mpya, na mengi ya Ngala yakarudi kwa majina mengine. Seneti ikafufuliwa. Mabaraza 47 ya kaunti yakaundwa, moja likiwa la Tana River na jingine la Garissa, na Nanighi sasa ina mwakilishi wake wa wadi. Mipaka ya kaunti haiwezi kubadilishwa mpaka tume huru ipendekeze, na theluthi mbili za Bunge la Taifa na za wajumbe wa kaunti katika Seneti zikubali. Tofauti kubwa zaidi na mwaka 1963 ni fedha. Katiba inasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwamba fungu hilo litumwe bila kucheleweshwa. Kifungu hicho kinaziba tundu lile lile lililoizamisha kazi ya Ngala.

Hata hivyo magavana wanalalamika kila mwaka kwamba fedha zimekwama Hazina kwa miezi, na wahudumu wa afya wanagoma kwa kukosa mishahara. Kwa hiyo nawasihi wawakilishi wa wadi wa kaunti zote mbili, walio Hola na walio Garissa: kabla ya kupigia kelele maili tatu, kaeni pamoja mdai mgao huo ufike kwa wakati, muukague senti kwa senti, na mtenge fungu la pamoja la malka na visima mbali na mto. Sheria inawaruhusu, na katika hili hamhitaji ruhusa ya Nairobi.